Kukaribia Si Kufika: Tafakuri juu ya Kushindwa kwa Njia za Marudio katika Utatuzi wa Milinganyo

Kiswahili kina vitenzi viwili, kukaribia na kufika, ambavyo mzungumzaji wa kawaida havichanganyi. Basi lililokaribia Morogoro halijafika Morogoro, na abiria anayeshuka mapema kwa kudhani kuwa mambo hayo mawili ni mamoja itambidi amalizie safari kwa miguu. Katika taaluma ya ukokotozi, hata hivyo, maana hizo mbili aghalabu hufungwa katika istilahi moja. Programu inayotatua maelfu ya milinganyo kwa njia ya marudio haifiki kwenye jibu. Hulikaribia, duru baada ya duru, kisha husimama pale ilipoagizwa kuwa ukaribu unatosha. Ikishindwa kukaribia, hutoa taarifa fupi kwamba duru zilizoruhusiwa zimekwisha, au kwamba imekutana na namba isiyofaa. Makala haya yanahusu usomaji wa taarifa hiyo. Dai lake ni kwamba taarifa ya kushindwa mara nyingi ni kauli ya kweli juu ya tatizo lenyewe, na kwamba mtu anayeihangaikia kwa lengo la kuinyamazisha tu huenda akaishia kupata taarifa ya kufaulu ambayo ni ya uongo.

Njia ya kuondoa, ambayo kila mwanafunzi wa sekondari huifahamu, hutoa jibu moja kwa moja. Kasoro yake ni gharama: visivyojulikana vikiongezeka mara kumi, kazi huongezeka mara elfu. Ni kweli kwamba milinganyo itokanayo na madaraja, mabwawa au mtiririko wa maji huwa na sifuri nyingi, na sifuri hizo hupunguza kazi. Lakini katika mwendo wa kuondoa, sifuri nyingi hugeuka kuwa namba na kujaza kumbukumbu ya kompyuta. Njia za marudio hukwepa balaa hiyo. Huanza na kisio, huangalia kisio hilo linaikosea milinganyo kwa kiasi gani, hulirekebisha, kisha huangalia tena.

Wazo hili ni la kale kuliko kompyuta. Tarehe 26 Desemba 1823, Carl Friedrich Gauss alimwandikia barua Gerling, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, akimweleza namna ya kusawazisha vipimo vya pembe vya wapima ardhi kwa marudio badala ya kuondoa. Aliisifu njia hiyo kwa urahisi wake, akasema kuwa mtu anaweza kuifanya akiwa nusu usingizini, au huku akiwaza mambo mengine. Sifa hiyo imenukuliwa mara nyingi, na pengine imepotosha kidogo. Gauss hakuwa amelala. Katika kila hatua alitazama milinganyo yote, akachagua ule uliokosewa zaidi, akaurekebisha huo kwanza. Tena, kwa kuwa pembe zake zilijuana kwa tofauti tu, jumla ya pande za kulia za milinganyo ilipaswa kuwa sifuri, naye aliitumia jumla hiyo kukagua kazi yake. Kompyuta imerithi marudio ya Gauss bila kurithi macho yake.

Macho hayo yangetazama nini? Hapa ni lazima kutofautisha mambo mawili. Kosa ni umbali kati ya kisio na jibu la kweli. Masalio ni kile kinachobaki kisio kinapowekwa ndani ya milinganyo, yaani tofauti kati ya upande wa kulia na matokeo ya upande wa kushoto. Programu haijui kosa, kwa sababu ingelijua ingekuwa tayari ina jibu. Inachokijua ni masalio tu. Takriban kila tatizo linaloelezwa hapa chini limejificha katika pengo lililo baina ya mambo hayo mawili.

Pengo hilo laweza kuwa kubwa ajabu. William Kahan alitoa mfano wa milinganyo miwili mwaka 1966: 1.2969x + 0.8648y = 0.8642, na 0.2161x + 0.1441y = 0.1440. Jibu lake ni x = 2 na y = −2, na yeyote mwenye kalamu anaweza kulithibitisha. Sasa msomaji ajaribu x = 0.9911 na y = −0.4870. Masalio ya mlinganyo wa kwanza ni 0.00000001, na ya mlinganyo wa pili yana ukubwa huohuo kwa alama ya hasi. Programu iliyoagizwa kusimama masalio yakishuka chini ya moja kwa milioni ingesimama hapo kwa furaha, ikatangaza ushindi, ilhali x yake ni nusu ya inayotakiwa na y yake si hata robo. Mistari miwili ya milinganyo hiyo inakaribia kulaliana, kwa hiyo nukta nyingi zilizo mbali na makutano huonekana kana kwamba ziko kwenye mistari yote miwili. Hakuna dosari katika programu.

Mwaka 1952 Magnus Hestenes na Eduard Stiefel walichapisha njia ya marudio ambayo hadi leo ni miongoni mwa zinazotumika sana. Njia hiyo hudai sharti: matriki, yaani jedwali la namba zinazozidisha visivyojulikana, iwe linganifu na iwe chanya. Sharti hilo laweza kufikiriwa kwa taswira ya chombo. Matriki chanya ni kama bakuli lenye kitako kimoja, na kutafuta jibu ni kuteremka hadi kitakoni. Bakuli likiwa la mviringo, safari ni fupi. Likiwa refu na jembamba mfano wa mtumbwi, mteremkaji hugonga ubavu huu na ule, na safari huwa ndefu. Katika matatizo ya kawaida ya joto au shinikizo, gridi ikifanywa laini mara mbili, idadi ya duru nayo huongezeka takriban mara mbili. Ndipo inapohitajika matriki ya pili, rahisi kutatuliwa na inayofanana kwa kiasi na ile ya kwanza, ambayo kazi yake ni kuugeuza mtumbwi uwe bakuli. Katika makala haya itaitwa kitayarishi. Kitayarishi kizuri huweza kupunguza duru elfu moja zikawa ishirini. Kitayarishi kibaya huweza kuharibu tatizo lililokuwa zima.

Basi programu inaposema imeshindwa, swali la kwanza ni kama kuna jibu la kukaribiwa. Swali hili huonekana la kitoto, na labda ndiyo sababu huachwa hadi mwisho. Tuchukue matangi matatu ya maji yaliyounganishwa kwa mabomba mawili, la kwanza na la pili, la pili na la tatu. Maji hutiririka katika bomba kwa kadiri ya tofauti ya vimo. Lita moja huingia katika tangi la kwanza kila dakika, na lita moja hutoka katika tangi la tatu. Milinganyo yake, vimo vikiitwa a, b na c, ni a − b = 1, kisha −a + 2b − c = 0, kisha −b + c = −1. Ikijumlishwa yote mitatu, kila kisichojulikana hujifuta, hubaki sifuri sawa na sifuri. Vimo 2, 1 na 0 hufaa, lakini 7, 6 na 5 hufaa pia, kwa kuwa mabomba hujali tofauti tu. Bakuli limegeuka hori: lina kitako, lakini kitako chenyewe ni mstari mzima. Hilo halina madhara makubwa. Njia ya marudio itatua mahali fulani katika mstari huo.

Sasa tuseme aliyeandaa data aliandika kuwa kinachotoka ni lita 0.97. Jumla ya milinganyo ni sifuri sawa na 0.03, na jibu halipo, wala halitapatikana kwa duru milioni. Kitakachoonekana kwenye kioo ni hiki: masalio huanza kwenye 1.4 hivi, hushuka upesi, yakifika karibu na 0.017 hukwama. Namba hiyo si ya bahati nasibu. Ni upungufu wa 0.03 uliogawanywa sawa kwa matangi matatu, 0.01 kwa kila moja, kisha kupimwa kwa kanuni ya Pythagoras. Kwa njia ya Hestenes na Stiefel masalio huweza hata kuanza kupanda tena, na vimo kuongezeka bila kikomo, jambo ambalo msomaji asiyejua husema ni kichaa cha kompyuta. Kwa kweli kompyuta inasema kwa usahihi wa kushangaza kwamba kuna maji yanayoingia na hayatoki.

Kinachofanywa baada ya hapo ndicho chenye uzito. Wapo watakaoondoa wastani wa 0.01 katika kila upande wa kulia, nao watapata jibu. Pale ambapo upungufu umetokana na mkato wa desimali katika tarakimu ya kumi na tano, hiyo ni tiba halali na inayopendekezwa. Wapo wengine, na hawa ni wengi, watakaopigilia tangi moja: wataamua kuwa c ni sifuri na kuufuta mlinganyo wa tatu. Hapo milinganyo miwili iliyobaki ina jibu safi, 2 na 1, masalio ni sifuri kamili, programu hutangaza kuwa imekaribia. Lita 0.03 hazikupatikana. Zimefichwa katika mlinganyo uliofutwa, mahali ambapo hakuna atakayetazama. Upungufu wa asilimia tatu si mkato wa desimali. Ni sharti la mpaka lililoandikwa vibaya, au bomba lililosahauliwa, na kushindwa kwa programu ndiko kulikokuwa shahidi pekee.

Yapo pia matatizo ambayo jibu lipo, moja na la hakika, na mkosaji ni kitayarishi. Kitayarishi kinachopendwa sana hupatikana kwa kufanya njia ya kuondoa nusunusu: kila mahali ambapo sifuri ingegeuka namba, namba hiyo hutupwa ili kumbukumbu isijae. Meijerink na van der Vorst walithibitisha mwaka 1977 kwamba kwa jamii fulani ya matriki, ambazo hutokea sana katika matatizo ya joto na mtawanyiko, kutupa huko hakuvunji kitu. Mwaka uliofuata, 1978, Kershaw alionyesha kuwa nje ya jamii hiyo usalama haupo, na mfano wake mdogo wafaa kukokotolewa kwa mkono. Matriki yake ina safu nne. Ulalo wote ni 3. Visivyojulikana vinne vimekaa kama pembe za mraba, kila jirani akiunganishwa na jirani kwa −2, isipokuwa cha kwanza na cha nne ambavyo kiungo chao ni 2. Matriki hii ni linganifu na ni chanya. Kwa njia kamili ya kuondoa, namba za egemeo, yaani zile ambazo hugawa katika kila hatua, ni 3, kisha 5/3, kisha 3/5, kisha 1/3. Zote ni chanya, kama inavyotakiwa.

Lakini katika hatua ya kwanza kabisa ya kuondoa, namba mpya 4/3 huzuka kati ya kisichojulikana cha pili na cha nne, mahali palipokuwa na sifuri. Njia pungufu huitupa. Maegemeo mawili yanayofuata hayadhuriki. La nne, ambalo lingekuwa 1/3, huwa −5. Namba moja iliyotupwa kwa sababu za uchumi imeligeuza bakuli kuwa tandiko la punda, linaloteremka upande mmoja na kupanda upande mwingine, na njia ya Hestenes na Stiefel haina la kufanya juu ya tandiko. Anayeona taarifa kwamba kitayarishi si chanya hukimbilia kudhani kwamba milinganyo yake ni mibovu, naye huanza kuibadili. Milinganyo haina hatia. Manteuffel alipendekeza mwaka 1980 tiba ambayo ingali inatumika: ulalo uongezwe kidogo wakati wa kutengeneza kitayarishi tu, matriki yenyewe ikiachwa ilivyo. Katika mfano huu, 3 zikifanywa 4, maegemeo ya njia pungufu huwa 4, 3, 8/3 na 3/2. Msaidizi huyo hafanani sana na anayemsaidia, lakini anateremka upande ulio sahihi.

Njia hizo mbili za kushindwa, kukosekana kwa jibu na ubovu wa msaidizi, hutenganishwa kwa jaribio ambalo gharama yake ni ndogo. Tatizo hilohilo litengenezwe kwa udogo, visivyojulikana mia kadhaa, kisha litatuliwe kwa njia ya kuondoa. Ikiwa nayo inagonga sifuri, au ikitoa jibu lisilo na maana, kitayarishi kisilaumiwe. Inashangaza ni mara ngapi jaribio hili hufanywa baada ya wiki mbili za kubadilibadili vitayarishi, badala ya kufanywa siku ya kwanza.

Kwa matriki zisizo linganifu, Saad na Schultz walitoa mwaka 1986 njia ambayo masalio yake hayapandi kamwe. Watumiaji wengi hutafsiri ahadi hiyo kuwa masalio yatashuka. Kutopanda na kushuka ni vitu viwili. Tuwaze milinganyo mia moja iliyopangwa kama watu katika duara: wa kwanza unataja kisichojulikana cha pili peke yake, wa pili unataja cha tatu, hivyo hivyo hadi wa mia unaotaja cha kwanza. Pande za kulia ni sifuri zote, isipokuwa ya kwanza ambayo ni 1. Mtoto anayejua kusoma ataona jibu bila kukokotoa. Njia ya Saad na Schultz, ikianza na sifuri, itabaki na masalio ya 1 kwa duru tisini na tisa mfululizo, na katika duru ya mia itapata jibu kamili. Lakini njia hiyo huhifadhi vekta moja kwa kila duru, na ili kuokoa kumbukumbu huzoeleka kuisahaulisha kila baada ya duru 30 na kuianzisha upya. Ikisahaulishwa hivyo, haitapiga hatua hata moja, leo wala kesho. Mwaka 1996 Greenbaum, Pták na Strakoš walithibitisha jambo linalokata tamaa zaidi: mchoro wowote wa masalio yasiyopanda unaweza kutokea, hata kama zile namba bainifu za matriki, ambazo vitabu huziegemea sana, zimechaguliwa upendavyo. Umbo la mchoro halimtambulishi mgonjwa. Katika mfano wa duara, tiba ni kubadili mpangilio wa milinganyo, basi.

Jambo jingine ni la vipimo. Baadhi ya programu, kwa kawaida yake, hazionyeshi masalio ya kweli bali masalio yaliyokwisha kupitia katika kitayarishi. Tatizo likichanganya shinikizo linalohesabiwa kwa paskali, laki na zaidi, na msogeo wa ardhi unaohesabiwa kwa sehemu za milimita zilizoandikwa kama mita, kundi moja la milinganyo humeza jingine, na namba moja inayoonyeshwa kwenye kioo huwa inazungumzia kundi hilo moja tu. Aidha, kitayarishi kilicho karibu na kukosa kitako huweza kuyafanya masalio makubwa yaonekane madogo. Aina zote mbili za masalio zichapishwe bega kwa bega. Zikiachana njia, ya kweli ndiyo yenye neno.

Yote hayo huhitaji muda, na kuna njia ya mkato ambayo haihitaji muda wowote. Badala ya kuagiza masalio yashuke mara milioni, agiza yashuke mara mia. Programu ileile iliyokuwa ikilalamika itasema imekaribia. Katika mfano wa matangi, mwenye kuridhika na asilimia mbili ya masalio ya mwanzo hangepata habari yoyote ya maji yaliyopotea. Kulegeza kipimo ni halali pale ambapo mtu anajua data yake ni sahihi kwa tarakimu mbili tu na ameamua hivyo kabla ya kuanza. Kulegeza baada ya kushindwa, kwa kuwa ripoti inatakiwa Ijumaa, ni kuhamisha kituo cha basi hadi pale basi lilipoharibikia.

Hata aliyefanya yote kwa uaminifu hajaulizwa bado swali la mwisho, nalo ni kama milinganyo yenyewe ilikuwa picha nzuri ya kitu. Tarehe 23 Agosti 1991 jengo la zege lililotengenezwa kubeba jukwaa la mafuta la Sleipner A lilizama katika ghuba ya Gandsfjorden, karibu na Stavanger nchini Norway, wakati likijazwa maji kwa utaratibu ili lishuke. Hasara ilikadiriwa kuwa dola za Marekani milioni 700. Kompyuta ilikuwa imetatua milinganyo iliyopewa na kutoa majibu. Gridi ndiyo iliyokuwa haifai katika maungio ya kuta za ndani, na nguvu za kukata katika maungio hayo zilikadiriwa chini ya ukweli kwa asilimia 47, hivyo kuta zikafanywa nyembamba kupita kiasi. Hesabu ya uangalifu zaidi iliyofanywa baada ya ajali ilionyesha kuwa jengo lile lingevunjika kwenye kina cha mita 62. Lilivunjika kwenye mita 65.